Chungu cha Chachu cha Mize

Sogeeni niwape ngano ya enzi zile mazimwi walipokuwa na ofisi.

Mize aliachiwa na marehemu mama yake chungu cha chachu. Kila alfajiri, chachu ikiumuka, iliita kwa sauti ya mama: "Mize, umeamka?" Kwa hiyo kila akioka mkate, alibakiza donge la chachu chunguni.

Siku ya arubaini, kaka zake watatu walipokuja, zimwi naye akabisha hodi na muhuri wake mkononi.

"Marehemu hasemi bila kibali."

"Kibali hutolewaje?"

"Afike ofisini mwenyewe. La sivyo okeni chachu yote leo, au nachukua chungu."

Mize akaioka yote, akakata vipande vinne. Wa kwanza akala, akasikia mama akimwita, akalia. Wa pili akala, akasikia, akalia. Wa tatu, aliyekuwa safarini mama alipofariki, akala, akasema, "Dada, ameniita tu. Hajaniaga."

Mize akampa kipande chake.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshiba."

Alfajiri aliamka mwenyewe, akafunua chungu. Kimya.

"Nimeamka, mama," akasema.

Ngano naiacha hapo jikoni, atakayepita aifunike.