Nyasi za Mpaka

Wapendwa, vilikuwapo vijiji viwili chini ya kilima kimoja. Kila kiangazi moto uliwaka huko juu, na kila kijiji kilifyeka upande wake usije ukateremka. Lakini katikati, kutoka kilimani hadi kwenye nyumba, kulibaki ukanda wa nyasi, upana hatua kumi, urefu kumpita mtu. Hizo zilikuwa za mpaka. Hakuna aliyezigusa.

Mama mmoja aliishi kando ya nyasi hizo, na ndani alikuwa na mama yake mzazi asiyeweza kusimama. Akamwendea mwenyekiti.

"Na zile za katikati?"

"Achana nazo, mama. Ukizifyeka, wale watasema tumewanyang'anya ardhi."

Akamwita jirani wa ng'ambo ya mpaka, wazifyeke pamoja. Yule bwana akacheka. "Panga lako limeisha makali, mama?"

"Lako je?"

"Langu linaheshimu mpaka!"

Wiki haikuisha. Mchana kweupe, mama akasikia mlio kama mvua inayokuja, na mbingu haina wingu. Akatoka. Kushoto pamefyekwa, kulia pamefyekwa, na katikati moto unateremka kama kwenye utambi.

Akakimbilia ndani, akamshika mzazi wake kwapani, akavuta. Hatua moja tu. Moshi ukaingia.

"Niache, mwanangu."

"Nyamaza, mama! Nyamaza!"

Akapiga yowe. Aliyeingia ni jirani yule wa panga. "Shika miguu!" Wakamtoa, na paa likaanguka nyuma yao. Ndipo jirani akageuka akatazama kwake. Paa lake nalo linawaka. Mama akamlaza mzazi wake mahali salama, akavuka mpaka mbio, ndoo mkononi.

Walichelewa.

Wapendwa, siku ile walivuka bila kuulizana ardhi ni ya nani. Mbona hawakuvuka wiki moja kabla, na mapanga yao?

Na sisi? Ule mtaro kati ya kanisa letu na msikiti wa majirani umejaa taka tangu mwaka jana. Sisi tunasema ni wao, wao wanasema ni sisi. Mimi mwenyewe nimepita pale mara ngapi, nikapandisha suruali, nikaruka? Mvua ni mwezi ujao, na nyumba za bondeni zina watoto. Naogopa. Tukitoka hapa nakwenda kumgongea imamu mlango, na koleo ninalo. Nani anakuja nami?