Kibuyu cha Meku Ndeskoi

Mwenda thelujini hubeba maji.

Ndilo jibu alilopewa Zefania, mpagazi wetu mpya, leo pale kijitoni, alipowekewa mbele yake dumu la lita ishirini akauliza, "Tunakwenda kwenye barafu yote ile, maji ya kubeba ya nini?" Mkacheka nyote, naye akacheka ili asionekane kuwa hakuelewa. Sasa mmenifuata kwenye hema la jiko mnataka kujua msemo huo ulianzaje, kwa kuwa mnadhani mpishi mzee hana kazi. Haya, kaeni. Visu vile pale, viazi hivi hapa. Kwangu anayesikiliza anamenya.

Kisa cha ulivyoanza nakijua, maana nilikuwepo. Dumu la kwanza katika habari hii lilikuwa kichwani kwangu, na shingo yangu haijalisahau mpaka leo.

Kijiji chetu kiko chini kidogo ya msitu, na kinaishi kwa mfongo. Ninyi wa mjini mtauita mfereji, lakini mfereji huchimbwa na serikali. Mfongo huchimbwa na babu yako. Wetu unaanzia kwenye chemchemi msituni, unapita ubavuni mwa korongo ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili, kisha unagawanyika kwenda kwenye migomba na kahawa ya kila mtu. Siku moja alikuja mhandisi na vyombo vyake akaupima mteremko wake kutoka juu hadi chini. Alipomaliza akaomba aonyeshwe mchoro. Wazee wakatazamana. Waliouchimba hawakujua hata kuandika majina yao. Walipima kwa jicho, na maji yenyewe ndiyo yaliyowaambia wapi wamekosea.

Mkuu wa mfongo siku hizo alikuwa Meku Ndeskoi. Kwetu "Meku" ni mzee wa heshima, na huyu heshima yake ilikuwa na fimbo. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji na kuita watu kusafisha mfongo. Usipotokea kusafisha, zamu yako ilipita mbele ya macho yako ikaenda kwa jirani. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kulinda miti ya chemchemi. Mikuyu ile ilikuwa minene, watu wanne hawakuweza kuukumbatia mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuokota pale hata ukuni wa kuchemshia chai. Babu yake alimwachia baba yake kazi hiyo, baba yake akamwachia yeye.

Na kulikuwa na Aminieli, bosi wangu nilipokuwa mpagazi, mtu wa kwanza wa kijiji chetu kuwa kiongozi wa wapanda mlima. Mtu hodari, siwafichi. Alivaa kofia ya sufu hata kwenye jua la Januari, ili mtu asije akasahau anafanya kazi wapi. Alikuwa amefika Kibo mara arobaini na moja, na ukisema arobaini tu alikusahihisha.

Mwaka mmoja Aminieli alitaka kijiji kijenge nyumba ya wageni. Wazo zuri, watu wakafurahi. Ila mahali alipopachagua ni pale penye chemchemi, maana ndipo penye uwanda. Na mikuyu ingekatwa, kwa sababu ilimziba mgeni asiione theluji akiwa amekaa barazani.

Mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa shule. Mwaka ule mvua ilikuwa haba na mfongo umekonda, lakini kulikuwa na theluji nyingi, Kibo kimejifunika hadi mabegani. Aminieli akakinyooshea kidole.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Maji yetu yanatoka kule. Theluji ni tele, maji ni haba. Nani anayanywa njiani? Ni miti hii tunayoibembeleza. Tukiikata tutapata nyumba, na maji yataongezeka."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi nilitikisa. Ukiangalia juu ukaona weupe ule, ukaangalia chini ukaona maji, utasema nini?

Meku Ndeskoi akainuka. "Babu yangu alisema chemchemi isiguswe."

"Babu yako alifika Kibo, Meku?"

"Hakufika."

"Na wewe je?"

"Sijafika."

"Basi mimi nimesimama juu ya hiyo theluji mara arobaini na moja. Ninyi mnaijua kama mnavyoujua mwezi."

Uwanja mzima ukacheka. Mzee alibaki amesimama, fimbo mkononi. Vizazi vitatu vya kazi vilikuwa vinakwenda kukatwa kwa shoka Jumatatu inayofuata. Kisha jicho lake likaniangukia mimi.

"Wewe Kirenga," akaniita. "Wewe ambaye utosi wako umeshakuwa bapa. Mkilala kule kibanda cha juu kabisa, maji ya kupikia mnachota wapi?"

Nikamtazama bosi wangu. Bosi wangu akatazama buti zake. Nikasema ukweli, kwa sababu sikupata muda wa kutafuta kitu kingine.

"Hatuchoti, Meku. Kule hakuna. Tunabeba kutoka kijito cha mwisho huku chini."

"Mnabeba maji kuyapeleka yanakotoka?"

Mtu mmoja nyuma akasema si wanaweza kuyeyusha barafu. Mama mmoja akamuuliza, "Kwa kuni za wapi?" Nikajibu kwamba kuni nazo tunazibeba, kutoka msituni. Hapo kicheko kikageuka upande.

Lakini Aminieli hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. Akasema mito iko kule juu, ila njia ya wageni haiipitii, na wao hufika alfajiri wakashuka mbio kabla kichwa hakijawauma.

"Sawa," akasema Meku Ndeskoi. "Nitakwenda na kibuyu. Kijaze kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye hiyo theluji, nami nitashika shoka la kwanza. Kikirudi kikavu, miti ile haitaguswa, hata mimi na wewe tukishakuwa mchanga."

"Utakwenda wewe, Meku? Una miaka sabini na kitu."

"Hicho 'kitu' hakikuhusu. Twende."

Basi tukaenda watatu: kiongozi, mzee na kibuyu chake, na mimi na dumu langu.

Siku ya kwanza tulipita msituni. Hapakuwa na mvua, ukungu tu. Aminieli alitembea mbele kama kawaida yake. Mzee alitembea polepole mno, akisimama kila penye maji, akichovya kidole na kulamba kama mtu anayeonja mchuzi. Mahali fulani akasimama chini ya mti wenye ndevu za kijani zinazoning'inia, akanyoosha kiganja. Tulisubiri. Kiganja kikajaa.

"Aminieli," akaita. "Mvua inanyesha?"

"Hainyeshi, Meku. Ni miti inadondosha."

"Imetoa wapi?"

Aminieli akatazama juu. Alikuwa amepita pale mara arobaini na moja, kwenda na kurudi, amevaa koti la mvua. "Kwenye ukungu," akasema taratibu, kisha akaharakisha mwendo.

Siku ya pili tukatoka msituni, vijito vikawa vyembamba. Siku ya tatu tulifika kwenye kijito cha mwisho, hiki hiki mlichochota leo. Nikajaza dumu. Mzee akalitazama likipanda kichwani kwangu. Tangu hapo hadi kibandani, kwenye uwanda ule mpana kati ya Mawenzi na Kibo, hatukukanyaga kitu ila vumbi na mawe. Vumbi lile mtaliona kesho, na mtalila pia.

Wageni hupanda kileleni gizani. Sisi tulipanda kwenye mwanga, kwa sababu mzee alitaka kuona. Wenye miaka ishirini hulia kwenye kokoto zile, hatua moja mbele, nusu nyuma. Yeye alihesabu hatua kumi, akapumua, akahesabu nyingine kumi, hadi jua likawa utosini, na tukaufikia ukuta wa barafu.

Sitawaeleza ulivyo. Mna macho, na kesho kutwa mtaamka mapema. Nitasema tu kwamba Meku Ndeskoi alivua kofia, akausalimia kama mtu anavyomsalimia mkwe. "Kumbe ni mzuri hivi," akasema. "Naona fahari kuwa jirani yako." Kisha akampa Aminieli kibuyu.

Aminieli akaanza kutafuta. Akaenda kushoto kando ya barafu, akarudi. Akaenda kulia. Jua lilikuwa kali, na barafu iling'aa mpaka macho yakauma, lakini chini yake palikuwa pakavu. Sehemu moja matone yalikuwa yakidondoka. Akapiga magoti, akakinga kibuyu. Matone manane, tisa, wingu likapita na yakaacha. Yale yaliyokuwa yameanguka mwanzo mchanga uliyameza, hata doa halikuonekana.

Alikaa amepiga magoti pale muda mrefu, kofia yake ya sufu mkononi. Mara arobaini na moja alikuwa amewatazama wageni wake, akatazama saa, akatazama njia. Chini ya barafu hakuwahi kutazama.

Mzee akaanza kukohoa. Hewa ya kule hukausha koo. Aminieli akainuka haraka, akafungua chupa yake mwenyewe, akamshika kichwa akamnywesha.

Meku akafuta midomo. "Matamu," akasema. "Ni ya wapi haya?"

"Ya kijitoni, Meku." Kisha akamaliza mwenyewe, bila kusukumwa. "Ya chini. Upande wa miti, si wa barafu."

"Basi mwenda thelujini hubeba maji," akasema mzee. Hakucheka. Akachukua kibuyu chake, akakigeuza juu chini mbele yetu wawili, likatoka tone moja.

Mkidhani Aminieli alijificha baada ya hapo, hamumjui. Asubuhi baada ya kufika nyumbani alikwenda kwa Meku Ndeskoi na jani la isale. Wachaga mliomo humu mnajua, jani hilo ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Mzee akalipokea. Jumapili ile, watu walipotoka kanisani, Aminieli alisimama kwenye ngazi akasimulia yote, hata habari ya matone tisa, na hakujipunguzia aibu hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeueneza msemo huu. Kila mpagazi mpya aliyelalamikia dumu alimpa jibu hilo hilo, na kila mgeni aliyemsifia theluji alimshusha kwanza kwenye chemchemi akamwambia, "Ile ni kilemba chetu. Huyu ndiye mama."

Nyumba ya wageni ilijengwa upande wa chini wa mfongo, na baraza lake linatazama mikuyu. Mwaka uliofuata mvua zilirudi, mfongo ukajaa, na mpaka leo unapita pale pale ulipochorwa na watu wasiojua kuchora.

Meku Ndeskoi aliishi miaka tisa zaidi. Watu walipotaja safari za Aminieli mbele yake, alikuwa akisema, "Kweli, yeye amefika mara nyingi. Mimi mara moja tu, lakini mimi nilitazama."

Viazi vinatosha. Zefania, dumu lako lile pale, na kata ya kichwani nimekushonea mimi mwenyewe, nene kuliko niliyokuwa nayo mimi. Utakapofika kule juu, wageni watapiga picha na theluji. Wapige, ni nzuri. Wewe ukimmiminia kila mmoja kikombe chake cha chai, simama wima, maana umewaletea mlimani kitu ambacho mlima wenyewe hauna pale. Na wakikuuliza mzigo huo ulikuwa wa nini, sasa unalo jibu, na safari hii utacheka ukijua unachekea nini.

Mwenda thelujini hubeba maji.