Ngozi Iliyotiwa Chuoni

Shekuwe, fundi wa makubadhi, alizoea kujicheka kabla hajachekwa. Siku moja Liwali alimtupia ngozi ya nyati, nyeusi kama masizi.

"Nataka makubadhi ya manjano, yang'ae kama ndimu mbivu. Ukishindwa, utahama mji."

Watu waliokuwepo wakasema haiwezekani. Shekuwe naye alijua kuwa rangi ya manjano ikipakwa juu ya weusi humezwa yote. Akainama.

"Bwana, ngozi hii ina kichwa kigumu kama changu. Mimi mama alinitia chuoni, nikarudi na chawa tu. Yataka mwalimu. Nipe ngozi nyeupe ya mbuzi, nizifunge pamoja, nyeusi ijifunze kwa mwenziwe."

Liwali akacheka, akampa.

Ijumaa iliyofuata Liwali alitoka msikitini amevaa makubadhi ya manjano yanayong'aa, akawaambia watu, "Mlisema haiwezekani! Tazameni, ngozi yangu imesoma!"

Watu wakamshangilia. Ndipo alipoona makubadhi mapya, meusi, miguuni mwa Shekuwe.

"Na hayo?" akanong'ona.

"Huyu ndiye mwanafunzi, Bwana. Hakushika hata herufi moja, amenifuata mimi. Uliyemvaa wewe ni mwalimu. Niwaeleze watu?"

Liwali aliutazama umati uliokuwa bado ukimshangilia.

"Nyamaza," akasema, "uyavae mpaka yaishe."