Milioni Iliyozidi

Bwana Mkwizu, mwenye bucha nne mjini, alinunua mbuzi kumi wa Siwatu kwa milioni mbili, kisha akaenda kwenye mashine ya benki inayopokea pesa ndani ya bahasha. Akabonyeza akaunti ya Siwatu na milioni mbili, akatumbukiza bahasha iliyojaa vipande vya gazeti. Risiti ya milioni mbili ilipotoka, bahasha ikiwa bado haijafunguliwa, akampa Siwatu.

"Hela yako hiyo, dada. Ishaingia."

Siku ya tatu Siwatu alikuja buchani akitabasamu.

"Tajiri, mbona umezidisha? Bahasha yako imekutwa na milioni tatu. Hiyo moja si halali yangu."

Mkwizu akawaza: benki wamechanganya bahasha. Mate yakamjaa mdomoni.

"Kweli, nilikosea kuhesabu. Naipataje?"

"Bahasha haina jina la aliyeiweka. Wanataka mwenyewe aje atie sahihi."

Mkwizu hakuvua hata aproni. Alifika benki, akasaini karatasi mbili, akaongeza na dole gumba.

"Bahasha ni yangu, na niliijaza kwa mkono wangu mwenyewe!"

Meneja wa benki akaifungua mbele ya polisi. Vipande vya gazeti vikamwagika mezani.

"Tajiri," Siwatu akauliza kutoka kwenye benchi alikokuwa akimsubiri, "ile milioni yako utaichukua sasa, au nikutunzie mpaka utoke?"