Mgeni Aliyeachwa Magofuni

Hapo zamani, na msinikunjie nyuso, si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii hii yetu ya meli zenye lifti ndani, palikuwa na kisiwa chenye magofu. Jina lake silitaji, maana wenyewe wapo na wana masikio. Leo nimechoka, na hadithi yenyewe ni ya watu waliochoka, kwa hiyo tutakwenda taratibu. Anayetaka nyimbo aende kwa jirani.

Meli ya wageni ilikuwa ikija mara nne kwa mwaka. Ilitia nanga mbali, kwa kuwa yenyewe ni kubwa na gati la mji ulio ng'ambo ya kisiwa ni dogo. Asubuhi wageni walishushwa, wakabandikwa namba vifuani, wakapandishwa boti ya injini mpaka kisiwani, wakatembezwa magofu, na alasiri wakarudishwa. Siku moja, basi. Lakini kwa siku hizo nne nyumba arobaini za mji ule zilipata riziki ya mwaka mzima: wakaanga samaki, wasuka mikeka, wauza madafu. Meli ikiukatia mguu mji ule, nyumba arobaini zinalala njaa. Hilo mlishike.

Watu watatu ndio walioibeba siku ya meli. Somoe alikuwa mtembeza wageni. Alijifunza Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza kwa redio, miaka sita, akipika huku anajibu sauti za redioni kama mtu aliyerukwa na akili. Mfaume alikuwa nahodha wa boti, na hakuna mwingine aliyejua kupita kwenye mkondo ule wenye miamba bila kukwaruza. Na Bi Tausi alikuwa mlinzi wa magofu. Aliyafagia miaka thelathini na moja, na kibanda alicholala kando ya ukuta kilikuwa ni cha kazi: kazi ikiisha, kibanda nacho kimekwisha.

Bi Tausi alikuwa na sharti alilolipokea kwa mamake. Ndani ya kuta zile binadamu hahesabiwi. Mbuzi huhesabiwa, nazi huhesabiwa, binadamu hapana, maana ukimhesabu unamwonyesha kwa wasiomtakia mema. Somoe alipoanza kazi, siku ya kwanza tu alinyoosha kidole, "Mmoja, wawili, watatu," na Bi Tausi akampiga kidole kile kwa mpini wa ufagio. Tangu hapo Somoe alihesabu viatu. Ziara iliishia kwenye msikiti wa kale, na pale kila mtu alivua viatu mlangoni. Viatu vikiisha mlangoni, watu wametoka. Naye Mfaume, aliyekulia mikononi mwa wazee wale wale, alihesabu majaketi ya kujiokolea. Majaketi kumi na tisa: kumi na manane ya wageni, moja la Somoe. Yakijaa watu, boti inaondoka. Miaka sita mambo yalikwenda hivyo, na hakupotea hata mtu mmoja.

Siku ninayoisema ilikuwa ya jua kali. Ilikuwa ziara ya pili ya siku ile ile, maana wageni walikuwa wengi. Somoe sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa amechoka, akaendelea. Mfaume alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Alikuwa amechoka, akaendelea. Bi Tausi alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi, na ufagio mkononi. Alikuwa amechoka, akaendelea.

Miongoni mwa wageni palikuwa na mzee Mwitaliano, Anselmo, namba kumi na nne kifuani. Binti yake, Donata, alibaki melini na kichefuchefu. Mzee alitembea nyuma ya wenzake, nyumba ya sultani, kisima, makaburi, mpaka msikitini. Akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba ikawa haina vifundo. Bi Tausi akaiona, akamhurumia. Hawakuwa na lugha moja, lakini miguu iliyovimba haihitaji mkalimani. Akamshika mkono, akamtoa kwa mlango wa kaskazini, akamkalisha kwenye baraza la mawe kivulini, akamwosha miguu kwa maji ya kisima. Kisha akaenda mlangoni, akachukua viatu vya mzee, akaviweka karibu naye. Alikusudia kumwambia Somoe. Njiani akaona mbuzi wameingia makaburini, akawafukuza, akaketi apumzike kidogo, na saumu na jua vikamlaza pale pale.

Somoe akatoka, akatazama mlangoni. Hapana kiatu. Akaita hata hivyo, kwa desturi yake, kwa lugha tatu: "Tunaondoka! Tunaondoka! Tunaondoka!" Kimya. Akawaongoza wageni pwani.

Huko pwani Mfaume alikuwa ameshakorofishwa na maji. Yalikuwa yakipwa upesi, na yakishakauka boti hukaa topeni mpaka yarudi. Na pale pale watu wa kisiwani wakamletea mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, amekwama tangu usiku, anahitaji hospitali ya ng'ambo.

"Nahodha, tusaidie," akasema mkunga.

"Mpandisheni," akasema Mfaume. "Mvalisheni jaketi."

Mkunga mwenyewe alipewa la Mfaume, lisilokuwa katika hesabu, likakataa kufungika, akaketi nalo begani. Wakamfunika mzazi kwa khanga na jaketi lake ndani. Mfaume akauliza, kama alivyouliza siku zote, "Majaketi kumi na tisa yana watu?"

Somoe akageuka, akaona hakuna jaketi lililolala chini. "Yana watu."

"Haya."

Na wale wageni kumi na saba? Msiniulize. Walikuwa wanatazama picha za magofu kwenye simu zao.

Mzazi alifika hospitali, akajifungua salama, mama na mtoto wazima. Hilo nalisema sasa msije mkakaa na wasiwasi. Lakini saa tisa, meli ilipotaka kung'oa nanga, Donata aligonga chumba cha baba yake na baba hayumo. Meli ikazuiwa. Mfaume akarudi kisiwani na Somoe, boti ikaishia mbali kwa kuwa maji yamekauka. Mfaume akashuka, akapita kwenye tope la magoti, akamkuta mzee kivulini na Bi Tausi kando yake, analia kwa kuona alichokifanya. Akambeba mzee mgongoni, mwendo wa nusu saa topeni, mpaka kwenye boti. Bi Tausi akafuata nyuma na viatu.

Saa kumi na moja walifika gatini. Pale alisimama ofisa wa meli, naye macho mekundu kwa uchovu, na karatasi mkononi. Hakujua Kiswahili wala Kiitaliano. Akasema kwa Kiingereza, na Somoe akatafsiri:

"Anasema meli imechelewa saa mbili. Anasema binti wa mzee ameshtaki kwa nahodha mkuu. Anasema meli itarudi tena iwapo tu aliyesababisha ameondolewa kazini. Anataka jina. Liandikwe sasa hivi, kabla binti hajafika." Kiboti cha meli kilikuwa kinakuja, na Donata amesimama mbele.

"Majina mangapi?" akauliza Mfaume.

Somoe akatazama karatasi. "Mstari ni mmoja."

 Mfaume akasema, "Mimi nilipakia mgonjwa. Mngetaka nimwache afie mchangani? Nikauliza majaketi, nikajibiwa yana watu. Mkiniandika mimi, boti haipati kazi ya meli, na boti isiyopata kazi ya meli haina mafuta. Mzazi mwingine akikwama, mtambeba na nini? Jina langu silitoi."

Somoe akasema, "Mimi nilihesabu viatu, kama nilivyofundishwa kwa mpini wa ufagio. Viatu havikuwapo. Nikaita kwa lugha tatu na koo linawaka. Jaketi lile nililiona lina mtu, na kweli lilikuwa na mtu. Mkiniandika mimi, wageni wataelezwa na nani kwamba yale si mawe matupu? Jina langu silitoi."

Bi Tausi akasema, "Wanangu, mimi niliona miguu imevimba. Nikaiosha. Kisha nikalala, ni kweli, nimefunga, na umri huu. Mkiniandika mimi nitalala wapi? Miaka thelathini na moja, na leo nafukuzwa kwa ndoo moja ya maji? Jina langu silitoi."

Walisema bila kupaza sauti. Ugomvi unataka nguvu, na nguvu hawakuwa nayo. Niliwahi kuona watu wakigombana kwa uchovu namna hiyo, na inauma kuliko matusi.

Mzee Anselmo alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, miguu mitupu, tope mpaka kwenye suruali. Akamvuta Somoe mkono. "Mnabishana juu yangu?" akauliza kwa Kiitaliano.

"Ndiyo, babu. Mmoja wetu atafukuzwa."

Mzee akatazama kile kiboti. Kisha akasema, "Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Ulipoita. Mara tatu. Nilikuwa macho. Mlango ulikuwa hatua kumi tu."

Somoe akachuchumaa mbele yake. "Mbona hukuitika?"

"Siku tisa, bandari nane. Kila asubuhi nabandikwa namba, kila jioni nabanduliwa. Yule mama akaniosha miguu. Tangu mke wangu afe hakuna aliyenigusa ila kwa kunisukuma niwahi. Nikasema, nitaitika baadaye kidogo. Halafu nikasikia injini, na sikuitika."

"Babu, mwambie ofisa maneno hayo! Kwa Kiingereza nitayasema mimi!"

Mzee akaushika ule mkono kwa nguvu. "Usiseme. Binti yangu ameshachagua nyumba ya wazee. Safari hii amenileta anipime. Nikisahauliwa na watu, kosa ni la watu. Lakini akijua nilisikia nikanyamaza, atasema akili imeniruka, na tukishuka melini ananipeleka huko moja kwa moja. Mlango wake hufungwa kwa nje. Nimeuona. Nakuomba, binti."

Somoe akasimama. Hakumwambia ofisa kitu. Lakini aliwageukia wenzake, akawaeleza yote kwa Kiswahili, kwa sababu hakuweza kuubeba peke yake mzigo ule. Siri ya mzee sasa ilikuwa ya watu wanne.

Hapo mngedhani mnajua nani angesema nini. Mimi pia nilidhani.

Bi Tausi, aliyeosha miguu, ndiye aliyewaka. "Mwandikeni yeye! Nimelia machozi yangu juu yake, kumbe alikuwa anajipumzisha! Sisi tukose riziki, nami nikose pa kulala, ili yeye asifungiwe mlango? Wangu mimi mlango utakuwa wapi? Ana mtoto wa kumtunza, mimi nina nani? Mwambie ofisa, Somoe! Sema!"

Na Mfaume, aliyekuwa wa kwanza kukataa, ndiye aliyetikisa kichwa. "Bi Tausi, mimi nimembeba. Nusu saa mgongoni. Mtu mzima yule hana uzito wa gunia la mkaa. Alikuwa ananishika shingo na anatetemeka. Siwezi kumtupa mtu niliyembeba."

"Basi toa jina lako."

"Na nyumba zilizo nyuma ya boti yangu? Watoto wangu watano?"

"Basi nyamaza."

Mfaume akageuka, akatazama boti yake.

Ofisa akatazama saa yake. Kiboti kikagusa gati. Donata akaruka, nywele zimetawanyika, akamkumbatia baba yake huku anamkemea, analia na kumkemea kwa pumzi moja: amekula nini, nani aliyemwacha, kwa nini yuko peku, na kama angekufa? Alikuwa amekonda kwa kutapika siku tatu. Naye alikuwa amechoka, msimwone katili.  Mzee alikuwa anamtazama Somoe.

Ofisa akampa Somoe kalamu, kwa kuwa ndiye aliyejua kuijaza karatasi ya Kiingereza bila kukosea. Bi Tausi alikuwa amesimama kushoto kwake, viatu vya mzee bado kwapani, amesahau kuvirudisha. Mfaume alikuwa kulia, tope linamkaukia miguuni. Na Somoe mwenyewe, jina lake lilikuwa la herufi tano tu, lisingechukua hata nukta moja kuliandika.

Akiacha mstari mtupu, meli hairudi, na nyumba arobaini ziko nyuma yake.

Sasa mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Ninyi mmekaa, mmeshiba, hakuna meli inayowangoja, na hamkuamka alfajiri. Nipeni jibu mtu mmoja mmoja, na anayejibu asijibu kwa haraka, aangalie kwanza nani atalala wapi. Aliyeona miguu akasahau mtu? Aliyehesabu viatu akamwacha mwenye viatu? Aliyejaza jaketi la mgeni kwa mama mwenye uchungu? Au aliyesikia akiitwa, na kwa mara moja katika uzee wake akataka kukaa?

Kalamu nawakabidhi. Je, ni jina la nani lililostahili kuandikwa?