Mtoto Aliyezaliwa Majivuni

Hapo zamani, wasikilizaji wangu, mvua iliisusa nyika ya Ndolwa. Vuli ikapita kavu. Masika yakapita makavu. Mto ukabaki mchanga mtupu, nyasi zikakauka hata ukizikanyaga zinalia, na kila siku moshi ulionekana mahali fulani upande wa mawio. Leo huku, kesho kule. Watu wakaanza kuuogopa upepo.

Mwaka huo Wakesho, mke wa Mghalu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, nayo imefika ukingoni. Mumewe hakuwapo. Alikuwa ameswaga ng'ombe hadi milimani kutafuta malisho, na hakwenda kwa kupenda. Jirani kabisa na nyumba yao palikuwa na konde la nyasi zilizofika kiunoni, limezungushiwa ua wa miiba. Konde hilo lilikuwa la Mkawasi, dada yake Mghalu. Mghalu alikwenda kumwomba.

"Dada, niachie ng'ombe wangu wale hapo siku chache tu. Wifi yako yu karibu kujifungua. Sitaki kumwacha peke yake."

"Nyasi hizi nimezilinda tangu mvua ya mwisho," Mkawasi akamjibu. "Nikikupa wewe, wangu watakula nini? Hapana, Mghalu. Nenda kama wenzako walivyokwenda."

Mghalu akaenda. Tangu siku ile Wakesho na wifi yake hawakusemezana. Wakikutana njiani, huyu anatazama huku, yule anatazama kule.

Basi asubuhi moja mbuzi wa Wakesho akapotea. Hakuwa na mwingine. Wakesho akachukua fimbo, akaingia porini taratibu, mkono mmoja kiunoni, akiita na kuita. Jua likawa kali. Mbuzi haonekani. Alichokiona ni moshi mzito, karibu kuliko siku zote, na chini ya moshi kitu chekundu kinatembea.

Akageuka arudi nyumbani. Hapo ndipo uchungu ulipomshika. Akaketi. Akainuka, akaenda kidogo, akaketi tena. Moto ukaja. Akapiga ukelele, na ukelele ule haukuwa wa kumwita mtu, kwa maana hakujua kama kuna mtu.

Lakini mtu alikuwapo. Alikuwa Righa, mrina asali, mwanamume mpole asiye na mke wala mtoto. Yeye alikuwa amesimama juu ya mwamba mpana usioota hata jani, na moto ulikuwa unapita kando yake. Pale alikuwa salama salimini. Aliposikia sauti ya mwanamke, akashuka. Akaukimbilia moshi. Akamkuta Wakesho amekumbatia shina la mti.

"Mshike Righa shingoni, mama," akasema, kana kwamba Righa ni mtu mwingine. "Shika kwa nguvu, usiachie!"

Akambeba mgongoni. Nyuma moto ulikwisha kuufunga mwamba, kwa hiyo hapakuwa na njia ila kwenda mbele, kijijini. Righa akakimbia. Kila uchungu ulipomjia, Wakesho alimkaba, na Righa akakimbia hivyo hivyo.

Walipofika penye njia ya chemchemi wakakutana na Saru, mwanamke aliyechota maji kwa punda. Punda wake wawili walikuwa wamebeba madumu yaliyojaa, nao wamegoma, masikio yamelala. Mbele yao moto ulikuwa umeruka njia. Vichaka vilikuwa vinawaka huku na huku, na katikati palibaki uchochoro mwembamba wa moshi na cheche.

"Saru, tupe maji," Righa akasema. "Tulowe, tupite."

Saru akayakumbatia madumu. "Maji haya nimeyafuata tangu alfajiri! Nina watoto nyumbani, nina mama mkwe hajiwezi. Hawajanywa tangu jana. Niwaambie nini?"

Wakesho akaguna, sauti ya chini inayotoka tumboni, ile ambayo mwanamke aliyezaa hahitaji kuelezwa. Saru akamtazama.

"Ee Mungu wangu," akasema, akafungua dumu la kwanza.

Akalimwaga lote. La pili akalimwaga, la tatu, la nne. Akalowesha blanketi la mgongoni mwa punda, akalowesha kanga, akamfunika Wakesho gubigubi, akamfunika Righa kichwa. Akawapiga punda makofi wakimbie watakakojua wenyewe. Kisha wote watatu wakaingia katika ule moshi. Wakesho hakuona kitu. Alisikia blanketi likichemka mgongoni mwake, na Saru akisema, "Twende, twende, twende," hata wakatokea upande wa pili.

Lakini moto ukaja nyuma yao. Na mbele, Wakesho alijua, lilikuwapo konde la Mkawasi, nyasi hadi kiunoni, kavu kama karatasi. Akawaza: tumekwisha. Moto ukishika zile nyasi, hakuna atakayeushinda mbio.

Akafunua blanketi. Nyasi hazikuwapo. Konde zima lilikuwa jeusi, linafuka. Mkawasi alikuwa amesimama pembezoni na tawi mkononi, uso masizi matupu, machozi yamechora mistari miwili mashavuni. Alikuwa amezichoma nyasi zake mwenyewe, ili moto mkubwa ukija usikute cha kula.

"Nani hao?" akaita. Kisha akaona. "Wifi! Wifi yangu! Ingieni hapa, kwenye majivu!"

Righa akaingia, na nyayo zake zikaungua, naye hakumtua mzigo wake mpaka katikati. Moto ukaja hadi ukingo wa konde. Ukatafuta. Ukazunguka kushoto, ukazunguka kulia, ukazimika. Nyuma ya konde nyumba za Ndolwa zilisimama zote, na mbele ya nyumba ya Wakesho alisimama yule mbuzi, anatafuna kamba.

Mtoto akazaliwa palepale. Mkawasi ndiye aliyempokea, kwa mikono yake myeusi. Alikuwa msichana, na alipolia, Saru alianza kucheka, Righa akacheka na kukohoa, na Mkawasi na Wakesho wakakumbatiana, mtoto katikati, wakilia kama watu waliofiwa, nao hawakufiwa na mtu.

Usiku Mghalu akafika mbio kutoka milimani, maana moshi ule aliuona. Akamshika mtoto, asiweze hata kuuliza jina.

Sasa sikilizeni. Huko Ndolwa mtoto mchanga hukaa ndani, na siku ya kutolewa nje mama husimama mlangoni akamkabidhi mtu mmoja. Mtu huyo huwa mzazi wa pili maisha yote. Mmoja tu, hawawi wawili. Na siku ilipofika, watatu walikuja.

Righa alikuja na fimbo, miguu imefungwa matambara. "Nilikuwa salama," akasema, "nikauacha usalama wangu. Nimemleta mgongoni. Lakini sitawadanganya. Moto ule niliuwasha mimi. Niliwasha majani ya kuwafukizia nyuki, upepo ukanyakua cheche. Niliupiga kwa shati langu hata likaisha. Ukanishinda."

Watu wakanong'ona. Saru akasema, "Mimi sikuwasha kitu. Nilikataa kwanza, ni kweli, na nani asingekataa? Kisha nikamwaga yote. Wanangu walilala na kiu siku ile, na punda mmoja hajarudi mpaka leo. Bila maji yangu wangeungua uchochoroni."

Mkawasi akasema kwa sauti ndogo. "Nilimnyima kaka yangu nyasi, ndiyo maana wifi alikuwa peke yake. Na nilipozichoma sikujua kwamba yuko porini. Nilikuwa naokoa nyumba, yangu na zenu. Lakini nimezichoma zote, na ng'ombe wangu sasa hawana kitu. Na huyu alianguka mikononi mwangu."

Mghalu akamtazama mkewe. "Sema wewe, Wakesho. Mimi sikuwapo."

Wakesho alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa amelala, mzito, ana joto. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakumwona hata mmoja ambaye, kama asingekuwapo siku ile, yeye na mtoto wangebaki hai. Mikono ikanyooshwa: ya Righa, ya Saru, ya Mkawasi. Akapiga hatua, akatoka nje juani.

Haya, wenzangu mnaosikiliza, mngekuwa ninyi mlangoni pale, mtoto mngemweka katika mikono ya nani?