Sungura na Gogo la Kambini

Msiniulize ilikuwa mwaka gani, maana wanyama hawatundiki kalenda. Ninachojua ni kwamba kiangazi kile kilikuwa kikali, mto ulibaki mchanga mtupu, na maji yalisalia mahali pamoja tu, kwenye lambo lililo kando ya kiwanja cha mpira. Na lambo lile lilikuwa na sheria yake. Shule mbili za sekondari, Mbugani na Majabalini, zilicheza mechi moja kila mwaka, na mshindi ndiye aliyekunywa hapo mpaka mvua inyeshe. Aliyefungwa alifuata maji kwenye chemchemi, mwendo wa siku mbili.

Mwaka uliotangulia Mbugani walifungwa tisa bila. Tisa! Na nyani wa Majabalini, kwa ufedhuli wao, bao la tisa walilifunga kwa mkia.

Si kwamba Mbugani hawakujua mpira. Simba, nahodha wao, alikuwa na shuti la kuchana nyavu, ila pasi hakutoa hata kwa dawa. Fisi, kipa, aliliacha goli wazi kila aliposikia harufu ya karanga za watazamaji. Nyumbu alikuwa na mbio, lakini mara nyingine alikimbilia goli lake mwenyewe. Na Sungura, winga wa kulia, huyo mnamjua, sina haja ya kumweleza.

Aliyeumia kuliko wote ni kocha wao, Mwalimu Kobe. Kwenda chemchemi ni siku mbili kwa mwenye miguu. Kwa Kobe ni siku ishirini, na hapo hajarudi. Kiangazi kilichopita alinusurika kwa kulamba umande, akabaki gamba na macho. Basi likizo ilipofika, aliwaita wachezaji wake.

"Wanangu," alisema, "safari hii tukifungwa, mimi hamtaniona tena. Siwatishi. Nimejipima miguu nikaona haifiki."

Hata Fisi aliacha kutafuna.

"Tutaweka kambi ya siku saba. Mpira hatugusi."

"Kambi bila mpira?" Simba akanguruma. "Mwalimu, jua limekupiga?"

"Limenipiga, ndiyo. Lakini nyinyi hamkufungwa kwa kukosa miguu. Mlifungwa kwa sababu hakuna anayemjali mwenzake. Mnaliona gogo lile la mninga kule mtoni? Kila asubuhi mtalibeba wote mpaka kiwanjani, kisha mtalirudisha. Likianguka, mnaanza upya."

Siku ya kwanza lilianguka mara kumi na moja. Simba alishika mbele, kwenye shina nene, kwa kuwa nahodha lazima aonekane, na alikwenda mwendo wa maringo. Fisi alishika nyuma, na kila hatua tatu alisimama kunusa. Wengine walijipanga kati yao, na Sungura akajichomeka katikati kabisa, mbele ya Nyumbu.

Hapo akagundua jambo tamu. Wenzake wote walikuwa warefu kumpita. Gogo lilipotulia mabegani mwao, lilipita juu ya bega lake bila kumgusa, nafasi ya vidole viwili. Sungura akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua mikono juu kama mtu anayezuia dari isianguke, akaanza kulia.

"Mama wee, mgongo! Nyumbu ndugu yangu, wewe unabeba kweli, au umeniachia mimi?"

"Nabeba," alijibu Nyumbu, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kwato. "Samahani, kaka. Nitaongeza."

Naye akaongeza, masikini wa Mungu.

Mchana walikula ugali na maharage kwenye sufuria moja. Ukoko ulikuwa wa Fisi kwa makubaliano, kwa sababu ulivunjika mdomoni kama mfupa, na bila ukoko alisema hadaki mpira wa mtu. Siku hiyo Sungura hakula. Alijilaza kivulini akiguna.

"Una nini?" Fisi aliuliza.

"Niache tu. Anayebeba katikati hana hamu ya chakula."

"Kwani katikati kuna nini?"

"Hee! Hujui? Uzito wote wa gogo hukaa katikati. Huko mwanzo na mwisho ni kushikilia tu. Punda mzigo anawekwa wapi? Mkiani?"

Wachezaji wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona punda akibebeshwa mkiani. Machozi yakamlenga Fisi, akaushika ukoko wake kwa mikono miwili, akaubusu, akampa Sungura. Fisi huyo! Mimi umri huu nilionao sijasikia tena fisi akigawa chakula.

Ikawa hivyo siku tano. Sungura alilia njiani, Nyumbu akaongeza. Sungura alijilaza kivulini, Fisi akampa ukoko, na wengine wakamkanda mgongo kwa zamu. Wakambandika na jina, Shujaa wa Katikati. Kobe alikuwa chini, na kutoka chini aliuona vizuri mwanga uliopita kati ya bega la Sungura na gogo. Aliuona tangu siku ya pili, akafunga mdomo akangoja.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Simba. Kila aliposikia neno shujaa, masharubu yalimsimama. Siku ya sita asubuhi, wakiwa kwenye mchanga wa mto, akapasua.

"Nahodha ni nani hapa?"

"Wewe, Bwana Simba," wakaitikia.

"Na uzito wote uko wapi?"

"Katikati."

"Basi haiwezekani mfalme ashike kitu chepesi na sungura ashike kizito! Watu watanicheka. Leo katikati ni pangu. Sungura, njoo mbele ushike shina."

Masikio ya Sungura yakalala. "Aa, Bwana Simba, sikustahili. Shina ni heshima ya nahodha."

"Si ulisema ni kushikilia tu?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi shikilia!"

Sungura akamgeukia Kobe kwa macho ya kuomba. Kobe akakohoa, akasema, "Pokezaneni nafasi, wanangu. Ndiyo timu hiyo."

Wakahesabu, moja, mbili, tatu, wakanyanyua. Huku nyuma gogo likapanda. Huku mbele likatafuta bega la kukalia, likalikuta la Sungura, likashuka nalo moja kwa moja. Puu! Mchanga ulipotulia, yalionekana masikio mawili tu.

"Mbona huku katikati kwepesi?" Simba aliuliza akiwa amesimama, gogo limeshuka na mbele likamwacha bega tupu, naye hajui lililotokea. Akajipapasa bega. "Hii kazi hata mtoto anaweza! Kumbe mzigo ulikuwa kwangu siku zote!"

Nyumbu alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Kisha akasema polepole, "Kumbe nilikuwa nabeba na mzigo wake."

Fisi naye akaelewa, akapiga yowe lililosikika Majabalini. "Ukoko wangu! Siku tano! Nimekonda kwa ajili ya mwongo! Mwacheni humo humo, aote mizizi!"

"Tukimwacha, kesho kutwa tuna wachezaji kumi," Kobe alisema. "Nami nina safari ya siku ishirini."

Wakalishika gogo. Simba akavuta peke yake, likampanda Sungura zaidi. Fisi akavuta kwa hasira, likarudi vilevile.

"Jamani mnaniua!" sauti ilitoka mchangani. "Kwa pamoja! Simba mngoje Fisi! Nyumbu, upande ule mwingine! Haraaa..."

"Mbee!"

"Haraaa..."

"Mbee!"

Gogo likainuka juu, sawasawa, bila kuyumba hata kidogo. Walishangaa wenyewe. Siku ile walilifikisha kiwanjani kwa mkupuo mmoja, wala halikuanguka tena.

Siku ya mechi Sungura alifika ameinama. "Mwalimu, mgongo unauma. Safari hii kweli, haki ya Mungu."

"Unauma katikati au mwanzoni?" Fisi aliuliza, na timu nzima ikacheka. Akavalishwa jezi, akacheza dakika tisini huku ameshika kiuno, na hakuna aliyemwonea huruma. Wakati huohuo Fisi hakutoka golini, karanga zikanukia bure. Dakika ya mwisho nyani watatu walimzunguka Simba. Akanguruma, akasita, akamwona Nyumbu amebaki peke yake, akampa pasi. Nyumbu akauliza, "Goli lipi?" Wote kumi wakamwonyesha kwa vidole. Akafunga.

Moja bila. Wachezaji wakasimama kando ya lambo, ndimi nje, wakamngoja Mwalimu Kobe afike atangulie. Ilichukua nusu saa, na hakuna aliyelalamika. Kobe alikunywa mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Asanteni, wanangu, nimepona."

Sungura alijiburura akafika wa mwisho. Hakuweza kuinama, akaomba amwagiwe maji mdomoni.

"Mgongo wangu, ndugu zangu. Mara hii sidanganyi."

Kila mmoja alimsikia, na hakuna aliyegeuka, maana njia ya mwongo ni fupi.